GPS na skrini za ndege ndogo: kununua si kazi, kazi kuviunganisha

Wapo kati yetu wenye vijana wanaosomea urubani Marekani, na wengi tuna jamaa wanaopanda ndege ndogo baina ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Khabari hii inawahusu.

Chukueni mfano wa Newburg, mtaa wa Louisville, Kentucky. Jiji hilo linajulikana kwa ndege kubwa za mizigo za UPS, lakini kaskazini ya mtaa huo kipo Bowman Field, kiwanja kikongwe cha ndege ndogo. Cessna na Piper nyingi zinazoruka Marekani zimeundwa kabla GPS haijaingia kwenye ndege. Siku hizi wenyewe hung'oa saa za zamani, wakaweka skrini kama Garmin G5, pamoja na chombo cha GPS kama GNS 430 kilichotoka mwaka 1998.

Basi hapo ndipo kazi inapoanza. Vyombo vingi vya namna hii huzungumza kwa utaratibu uitwao ARINC 429, wa tangu 1977. Nyaya mbili zilizosokotwa hupeleka khabari upande mmoja tu: mmoja anasema, wengine wasiozidi 20 wanasikiliza. Kwa hiyo waya wa kutolea wa GPS lazima uingie kwenye kupokelea kwa skrini. Spidi nayo ni biti 12,500 au 100,000 kwa sekunde. Pande mbili zikikhitilafiana, hawasikilizani. Na G5 yenyewe haisomi ARINC 429, inataka kisanduku cha GAD 29B katikati kama mkalimani.

Khatari kubwa zaidi iko kwenye kitufe kimoja. GNS 430 humwachia rubani achague mshale ufuate GPS au mawimbi ya redio ya kiwanja. Kwenye skrini, rangi ya majenta, yaani waridi iliyokolea, ni GPS. Kijani ni redio. Rubani akishuka mawinguni akidhani anafuata redio, kumbe skrini bado iko kwenye GPS, mshale unaweza kukaa katikati na yeye yuko nje ya njia. Ndiyo maana fundi hujaribu hali zote mbili ndege ikiwa chini, kisha akasaini kitabu cha ndege.

Kwetu Ghuba lipo jengine. Tangu Septemba 2023 marubani katika eneo letu wameripoti mawimbi ya GPS ya uongo. Uongo ukiingia chombo kimoja, husambaa kwa kila kilichofungwa nacho. Kwa hivyo redio na dira ya sumaku zisitupwe.

Mtoto akipiga simu kutoka chuoni, msimuulize amekula nini tu. Muulizeni pia: kabla hujashuka, umetazama mshale wako una rangi gani?