Gamba Lisiloachama

Wanangu, aliyewahi kuona kombe wakichemshwa pale Unguja anajua kinachotokea: maji yakishika moto, magamba yanaachama yenyewe. Kwenye bawaba ya kombe kuna kano ambayo daima inataka kuyafungua. Akiwa hai, mnyama huyafumba kwa nguvu za misuli. Akifa, misuli hulegea, na kano hushinda.

Sasa twendeni Ohio, Marekani, mbali sana na bahari yoyote. Kando ya bwawa la Caesar Creek kuna njia pana iliyochongwa kwenye mwamba ili maji ya bwawa yakizidi yapate pa kutokea. Mwamba huo ni tabaka za mawe ya chokaa zilizopishana na tabaka za tope lililogeuka jiwe, na umejaa visukuku. Okota gamba moja, lifute vumbi, ulitazame ubavuni. Mengi yamefumba kabisa, juu na chini vimebanana. Yana umri wa miaka ipatayo milioni 450, na hayajaachama hadi leo.

Kwa nini? Kwa sababu huyu si kombe. Ni brakiopodi, mnyama wa ukoo mwingine kabisa. Kombe ana undugu wa karibu zaidi na konokono na pweza kuliko alio nao na huyu. Brakiopodi hana ile kano ya kufungua. Ana misuli ya kufumba na misuli mingine ya kufumbua, kwa hiyo alipokufa hapakuwa na kitu cha kuyasukuma magamba yake.

Mtambueni hivi. Shikeni gamba lake moja, mpige mstari wa kuwaziwa katikati, kutoka kwenye bawaba hadi ukingoni: kushoto na kulia hufanana. Lakini gamba la juu na la chini hayafanani, moja huwa kubwa kuliko jingine. Kwa kombe wengi ni kinyume: magamba mawili ni pacha, ila kila moja limeegemea upande. Ukipatia hapo, hutadanganyika kirahisi.

Brakiopodi anayenipendeza zaidi pale ni Vinlandostrophia. Ni mnene, ana mifuo mikali inayosambaa kutoka kwenye bawaba, na katikati gamba moja limeinuka kama tuta huku la pili likibonyea kulipokea. Ukingo wa mbele ukawa na wimbi. Wimbi hilo lilisaidia kutenganisha maji yaliyoingia na yaliyotoka, asije akavuta tena maji aliyokwisha kuyachuja. Maana chakula chake kilikuwa chembe ndogo ndogo za baharini, alizozinasa kwa mikono miwili yenye vinyweleo iliyokunjwa ndani ya gamba.

Wakati huo Ohio ilikuwa chini ya bahari ya joto, isiyo na kina kirefu, kusini mwa ikweta. Dhoruba zilipopiga zilichanganya magamba, zikayarundika, kisha tope likatua juu yake. Ndiyo maana mawe mengine pale ni magamba matupu, mazima na vipande.

Mtoto yeyote anaruhusiwa kuokota visukuku hapo akishapata kibali, ambacho hutolewa bure. Nyundo haziruhusiwi, na kisukuku kisizidi ukubwa wa kiganja.

Mkifika, msiwadharau wadogo. Yupo aitwaye Zygospira, ambaye mara nyingi hafiki hata sentimita moja. Wataalamu wakitaka kujua kilichomo ndani ya gamba la namna yake, hulisaga polepole, tabaka nyembamba baada ya nyingine, wakichora kila wanachokiona. Michoro ikipangwa pamoja huonyesha nyuzi mbili za madini zilizojizungusha kama springi ndani kwa ndani: nguzo zilizobeba mikono yake alipokuwa akila.