Kutoboa Chuma na Mbao Kwa Pamoja: Mafuta Yatiwe Wapi?

Mkokoteni wa ng'ombe unaoteremka vilima vya Tlawi, wilayani Mbulu, ukiwa na magunia ya mahindi, hutegemea bolti chache zinazofunga bamba la chuma kwenye mti wa kuvutia. Tundu likiwa pana, bolti hucheza. Bolti ikicheza, mti hupasuka, na mteremkoni hapana pa kusimamia. Kasoro hiyo aghalabu huanzia karakana, siku ya kutoboa.

Chuma kinapokatwa hutoa joto jingi, hivyo huhitaji mafuta. Mbao haihitaji, tena hunywa maji ikavimba, na mafuta yakiingia huzuia rangi kushika. Vitu hivyo viwili vikitobolewa kwa pamoja, chuma kikiwa chini, taka zake za moto hupanda kupitia kwenye mbao, zikaikwangua na kuiunguza. Hapo ndipo tundu hupanuka.

Tatizo hilo limewakabili hata waundaji wa ndege. Katika Boeing 787, aina ambayo Air Tanzania ilipokea mwaka 2018, karibu nusu ya uzito wa kiunzi ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, nazo hufungwa pamoja na titani na alumini. Titani haipitishi joto upesi, basi joto hubaki kwenye ncha ya biti. Gundi ikiungua, matabaka huachana. Njia mojawapo ni kupuliza ukungu wa mafuta kidogo kwa hewa badala ya kumwaga maji.

Karakana ya chama haihitaji mashine hiyo. Bamba litobolewe kwanza, peke yake, kwa matone machache ya mafuta ya kukatia chuma. Yasipopatikana, mafuta ya wanyama yatafaa. Oili chafu ya injini isitumike, kwani hudhuru ngozi. Kwa keekee ya umeme, biti ya milimita 10 yatosha kuzunguka mara 800 hivi kwa dakika. Iinuliwe mara kwa mara ili taka zitoke. Ikiwa moto sana isichovywe majini, makali yatapata nyufa. (Chuma cha kusubu hutobolewa kikavu.)

Kisha bamba lifutwe mafuta, lifungwe juu ya mti kwa jiliwa, na mbao itobolewe kavu kwa kufuata tundu la bamba, kipande cha mbao chakavu kikiwa chini ili upande wa kutokea usichanike.