Vifo vya Ghafula katika Hodhi la Maji ya Bahari

Mtu afugaye samaki wa bahari nyumbani mwake, anapoamka alfajiri na kuwakuta vitatange na kangaja wake wamelala ubavu katika maji ambayo usiku hayakuwa na kasoro yoyote, aghalabu hushikwa na taharuki, akakimbilia ndoo, akamwaga maji yote, akasugua mawe, akaosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini. Na kwa kufanya hivyo huwa ameupoteza ushahidi wote wa kilichowaua samaki wake, na mara nyingi huwa amewaangamiza hata wale ambao wangeokoka. Njia iliyo bora ni kuitazama mizoga kwanza: ni nani aliyetangulia kufa, ni nani aliyefuata, ilikuwa wakati gani, na ni nani ambaye hata sasa yu hai.

Liko jambo moja tu lisilongojea uchunguzi, nalo ni hewa. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 haibebi hata miligramu 7 za oksijeni, ilhali lita moja ya hewa tuivutayo sisi ina zaidi ya miligramu 250; na kadiri joto linavyopanda na chumvi inavyozidi, ndivyo kiasi hicho haba kinavyopungua. Mwani, ambao mchana hutoa oksijeni kwa nguvu ya nuru, usiku huitumia sawa na wanyama, na ndiyo sababu saa ya hatari kuu ni ile inayotangulia mapambazuko. Basi ikiwa pampu imesimama, maji na yatekwe kwa kopo na kumiminwa kutoka juu, tena na tena. Kisha kiasi kidogo kitiwe katika chupa safi ya kioo na kuwekwa kando kwa kupimwa, kabla ya kitu chochote kubadilishwa. Samaki waliokosa pumzi hujulikana kwa dalili zao: huja juu wakitweta, vinywa wazi, na aghalabu wakubwa ndio wanaotangulia kufa. Penye sumu, kinyume chake, mara nyingi hutangulia wadogo.

Ama ikiwa kamba, kaa na konokono wamekufa ilhali samaki wangali wakiogelea, mtuhumiwa wa kwanza ni shaba, ambayo huwadhuru wanyama hao kwa kiasi kidogo sana, nayo yaweza kuingia kwa mfereji wa shaba, kwa kipande cha chuma chenye shaba kilichoanguka, au kwa dawa aliyoitia mwenyewe ili kuwatibu samaki wake. Yuko mtuhumiwa mwingine ambaye watu wa nchi zetu humsahau, naye ni dawa ya mbu ya kupuliza. Ua la pareto, lilimwalo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, lina sumu inayowaua wadudu upesi bila kumdhuru sana mwanadamu, na dawa nyingi za kopo zimetengenezwa kwa kuiga sumu hiyo; lakini kamba na kaa ni jamaa wa karibu wa wadudu, na samaki nao hawaistahimili. Pampu ndogo ya hewa, kwa kuwa huvuta hewa ya chumba kizima na kuisukuma ndani ya maji, huipeleka sumu hiyo moja kwa moja kwa wale tuliodhani wamekingwa na kioo. Wavuvi wa kale walioponda majani ya utupa na kuyatia katika vidimbwi walijua hakika ya namna hii kabla ya maabara yoyote: rotenoni iliyomo katika utupa huzizuia chembe za mwili zisiweze kuitumia oksijeni, hata samaki akafa kwa kukosa pumzi katika maji yaliyojaa pumzi.

Hali ikigeuka, yaani samaki wakafa na kamba na konokono wakabaki wazima, fikira na ielekee kwenye maradhi, hasa ikiwa kuna samaki mgeni aliyetiwa karibuni bila kutengwa kwanza. Kimelea kiitwacho Amyloodinium ocellatum hushika matamvua na huweza kuua katika siku chache, pengine kabla vumbi lake halijaonekana juu ya ngozi. Na kimoja kikishakomaa hujigawa hata kikaweza kuzaa vijana wafikao 256 waogeleao.

Wakifa wote kwa pamoja, na hewa haikukosekana, yapasa kupima amonia. Philip Henry Gosse alipotoa kitabu chake cha The Aquarium mjini London mwaka 1854, elimu ya bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, ilikuwa bado haijapatikana. Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hao karibu na mwaka 1890. Nao wahitaji oksijeni: umeme ukikatika saa nyingi, hufa ndani ya chujio lililofungwa, na maji yaliyooza humo hurudishwa katika hodhi mara umeme unaporejea. Chujio kama hilo lisiwashwe kabla ya kusafishwa kwa maji ya bahari.

Hapa pana hila ya kemia inayostahili kuangaliwa sana. Amonia ina sura mbili, na iliyo kali huongezeka pH inapopanda: katika pH 8.2 huwa zaidi ya mara 10 ya ile ya pH 7. Hodhi lililozeeka, ambalo pH yake imeshuka, laweza kuficha amonia nyingi kwa muda. Mwenyewe akimimina kwa wingi maji mapya yenye pH ya juu, sumu huamka saa ile ile. Kwa hiyo maji na yabadilishwe robo kwa robo, yakilinganishwa joto na chumvi, na amonia ikipimwa kila mara. Nitriti haina ukali huo baharini, kwa sababu kloridi ya maji ya chumvi huizuia isipenye matamvuani.

Chanzo kikithibitika kuwa ni shaba, kubadilisha maji peke yake hakutoshi, kwa kuwa mchanga na mawe ya matumbawe huinyonya na kuitoa tena pole pole kwa muda mrefu. Mawe hayo na yaondolewe, na kamba wasirudishwe mpaka vipimo vya mfululizo vionyeshe kwamba shaba haimo tena.