Mtoto Anayengojea Kupasuliwa Mgongo



Kuna ugonjwa wa uti wa mgongo kupinda upande, uitwao skoliosisi. Huzidi upesi katika miaka ya kubalehe, mtoto anaporefuka, na mpindo mkubwa huwapata wasichana zaidi. Mara nyingi chanzo chake hakijulikani. Hautokani na kubeba kuni au maji, wala kukaa vibaya, wala uchawi. Basi mzazi asilaumiwe, na mtoto asichekwe.

Mpindo hupimwa kwa picha ya eksirei. Ukifika digrii 45 hadi 50, kwa kawaida madaktari hushauri upasuaji: mgongo hunyooshwa na kushikizwa kwa vyuma na skrubu, mpaka mifupa iungane.

Kungojea kwaweza kuchukua miezi mingi. Wakati huo:

1. Msikose siku ya kliniki. Mpindo waweza kuongezeka, na daktari lazima ajue.

2. Mtoto aendelee na shule, na acheze kadiri daktari anavyoruhusu.

3. Asinyooshwe mgongo kwa nguvu na mtu yeyote.

4. Miguu ikilegea, mkojo ukimtoka bila kujua, au akikosa pumzi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

5. Msikilizeni hofu yake, na mwacheni amwulize daktari mwenyewe.

Upasuaji huu waweza kuhitaji damu nyingi. Wenzake mzazi kazini wajitolee kutoa. Tawi nalo limwombee ruhusa kwa mwajiri mapema, kabla siku ya kulazwa haijafika. Umoja wetu si wa mshahara peke yake.