Utumbo Chini ya Hadubini: Maelezo ya Umeng'enyaji na Kipindupindu kwa Lugha ya Kiswahili

1. Utangulizi

Mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville wakati wa utawala wa Kibelgiji, umejengwa kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, pale mto Lukuga unapotoka ziwani kuelekea Lualaba. Ziwa hilo huwapa wenyeji samaki, njia ya usafiri na, kwa wengi wao, maji ya kunywa. Ndilo pia linalohusishwa na ugonjwa wa kipindupindu, ambao tangu miaka ya 1970 umekuwa ukirudi mara kwa mara katika miji ya maziwa ya mashariki mwa Kongo: Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma.

Makala haya yanakusudia kueleza muundo wa njia ya chakula ya binadamu kama unavyoonekana kwa hadubini, pamoja na kazi ya sehemu zake. Kusudi letu si kumfundisha tabibu kazi yake. Nchini mwetu elimu ya juu ya tiba hutolewa kwa Kifaransa, ilhali katika mji huu mgonjwa na mama anayemwuguza husikia habari za ugonjwa kwa Kiswahili. Kati ya lugha hizo mbili maelezo mengi hupotea. Tutaonyesha kwamba, kwa habari ya kipindupindu, upotevu huo waweza kugharimu uhai wa mtu.

2. Neno "tumbo" na upana wake

Msemaji wa Kiswahili asemapo "tumbo linaniuma", aweza kuwa na maana ya mfuko wa chakula, utumbo, au hata mji wa mimba. Neno hili hutaja eneo la mwili kabla ya kutaja kiungo. Hata hivyo lugha haikosi maneno mengine: umio, utumbo, chango, ini, nyongo, bandama na kongosho ni ya zamani na yanaeleweka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam iliyakusanya mengi ya namna hiyo katika kamusi zake za istilahi, mojawapo ikiwa Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003.

Ugumu huanza tunapoingia katika yale yasiyoonekana kwa macho, kwani jicho la mababu halikuyafikia. Hapo ni vyema kukumbuka kwamba istilahi za Kilatini zenyewe zilianza kama maneno ya kawaida. Duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ilipewa jina hilo kwa sababu urefu wake ulikadiriwa kuwa upana wa vidole kumi na viwili. Sehemu inayofuata, jejuni, iliitwa "tupu" kwa kuwa wapasuaji wa kale waliikuta haina kitu ndani. Ikiwa Mlatini aliweza kutaja utumbo kwa vidole na kwa utupu, Mswahili naye hana sababu ya kuona haya.

3. Tabaka nne

Kuanzia umio hadi mwisho wa utumbo mpana, ukuta wa njia ya chakula hufuata mpango mmoja wa tabaka nne. Ya ndani kabisa, inayogusa chakula, ni utando wa ute. Chini yake ipo tabaka laini yenye mishipa ya damu na ya limfu. Ya tatu ni misuli, ambayo kwa sehemu kubwa imepangwa kwa mikondo miwili: ule wa ndani huzunguka mrija, ule wa nje hufuata urefu wake. Mikondo hiyo ikikaza na kulegea kwa zamu, chakula husukumwa mbele. Ya nne ni gamba jembamba la nje.

Katikati ya tabaka hizo umo utandao wa neva unaoweza kuendesha mwendo wa utumbo bila kungoja amri ya ubongo. Kinachotofautisha sehemu moja na nyingine ni hasa utando wa ndani. Katika umio, seli zake zimepangwa safu nyingi kama vigae, ili zistahimili msuguano wa ugali na mifupa ya dagaa. Kuanzia mfuko wa chakula, seli huwa safu moja tu, kwa sababu kazi sasa ni kutoa majimaji na kufyonza.

4. Mfuko wa chakula

Uso wa ndani wa mfuko wa chakula umejaa vishimo vidogo, na katika kila kishimo hufunguka tezi kadhaa. Tezi hizo zina seli za namna mbalimbali. Nyingine hutoa ute unaoukinga ukuta usijimeng'enye wenyewe. Nyingine hutoa asidi ya haidrokloriki, pamoja na kitu kinachowezesha vitamini B12 kufyonzwa baadaye. Nyingine hutoa pepsinojeni, ambayo ikikutana na asidi hugeuka kuwa pepsini na kuanza kuvunja protini.

Asidi hiyo ni mlinzi wa lango pia. Vijidudu vingi vilivyomo katika maji machafu hufia humo, vya kipindupindu vikiwamo. Ndiyo sababu huhitajika idadi kubwa sana ya vijidudu ili mtu mwenye afya augue, na mtu ambaye asidi yake imepungua huwa hatarini zaidi.

5. Utumbo mwembamba

Hapa ndipo hadubini hutuonyesha ustadi mkubwa zaidi wa maumbile. Ukuta wa ndani umekunjwakunjwa. Juu ya mikunjo hiyo zimesimama nyama ndogo ndogo zenye urefu wa nusu milimita hadi milimita moja, zilizosongamana kama nyuzi za zulia. Wanasayansi waliziita kwa neno la Kilatini lenye maana ya manyoya. Sisi tutaziita vidole vya utumbo, kwa kuwa zina nyama, damu na mwendo, sifa ambazo unywele hauna. Kila kidole kimefunikwa na seli za kufyonza, na kila seli ina juu yake brashi ya nyuzi nyembamba mno. Kwa mbinu hizo tatu uso wa kufyonza huongezeka mara nyingi. Vitabu vya zamani viliulinganisha na uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 viliushusha hadi takriban mita za mraba 30, nao bado ni upana wa chumba kikubwa.

Kati ya vidole hivyo kuna mashimo. Humo seli mpya huzaliwa, hupanda polepole hadi ncha ya kidole, kisha hudondoka. Safari hiyo huchukua siku chache tu, hivi kwamba utando wote hufanywa upya takriban kila wiki. Kwa jumla seli za shimoni hutoa maji na chumvi, ilhali seli za juu ya vidole hufyonza.

Hesabu ya maji yastahili kuzingatiwa. Kila siku lita 9 hivi huingia katika utumbo mwembamba: kama 2 hutokana na vinywaji na vyakula, zilizobaki ni mate, nyongo na majimaji ya mwili wenyewe. Karibu zote hurudishwa mwilini, na kiasi kinachotoka kwa choo hakizidi sana robo ya lita. Afya basi ni mizani kati ya kutoa na kufyonza.

6. Kipindupindu: mizani iliyopinduliwa

Jina "kipindupindu" limejengwa kwa kurudufu, na ndani yake twasikia kupinda na kupindua. Hadubini inathibitisha kufaa kwake. Kijidudu chake chenye umbo la mkato kilionwa na Filippo Pacini huko Firenze mwaka 1854, nacho Robert Koch akakitenga na kukikuza huko Calcutta mwaka 1884. Wengi wa zama hizo waliamini kwamba ugonjwa huu hubandua utando wa utumbo. Lakini vipande vilivyochukuliwa kutoka kwa wagonjwa hai na kuchapishwa habari zake mwaka 1960 vilionyesha jambo jingine: utando ulikuwa mzima.

Kijidudu hukaa juu ya seli bila kuzivunja, kikatoa sumu. Sumu hiyo huingia ndani ya seli na kuiacha ikipokea amri isiyokoma ya kutoa chumvi. Kloridi humiminika nje, sodiamu huifuata, na maji huvifuata vyote viwili. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, kwa kuhara maji meupe kama yaliyooshea mchele. Asipotibiwa aweza kufa katika saa chache kwa kukaukiwa maji.

7. Mlango usiofungwa

Hapa ndipo maelezo ya Kiswahili yanapohitajika zaidi. Mama anayemwona mtoto akihara kila anachokunywa aweza kukata shauri la kumnyima maji, akidhani utumbo "umetoboka" na kwamba kinywaji huongeza kuhara. Hoja yake ina mantiki, ila msingi wake si sahihi: utumbo haukutoboka.

Katika seli za kufyonza upo mlango ambao sumu haiufungi. Mlango huo hupitisha sodiamu mbili pamoja na glukosi moja, na maji hufuata. Robert Crane alieleza wazo hilo katika mkutano wa Prague mwaka 1960. Majaribio ya Dhaka na Calcutta yakafuata, na mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis akalitumia kambini Bangaon, miongoni mwa wakimbizi wa vita vya Bangladesh. Chumvi peke yake haipiti hapo, sukari peke yake haitoshi. Vikienda pamoja, maji huingia.

Basi mgonjwa na anyweshwe, hata akiwa anaendelea kuhara, maji yenye pakiti ya chumvi-sukari. Ikikosekana, hutumika lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Aliyezidiwa apelekwe upesi kwenye kituo cha tiba atiwe maji kwa mshipa, huku akinyweshwa njiani. Kwa matibabu yafaayo, wafao huwa chini ya 1 kwa 100. Bila matibabu, waliozidiwa waweza kufa nusu yao.

Kinga ni maji safi. Uchunguzi wa Uvira wa miaka ya 2009 hadi 2014 ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika kwa siku, wagonjwa waliolazwa kwa dalili za kipindupindu waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata.

8. Hitimisho

Tumejaribu kueleza tabaka, tezi, vidole na milango ya utumbo bila kuhama Kiswahili. Pale istilahi ilipokuwapo tumeitumia, na pale ilipokosekana tumetumia neno la kila siku. Tunawaalika wanafunzi wa isimu washirikiane na wenzao wa tiba katika kuyapima maneno haya mbele ya wasemaji wenyewe, sokoni na vituoni. Istilahi itakayomfanya mama amnyweshe mtoto wake itakuwa imeshinda mtihani wake.