Kijana Wetu katika Familia ya Kijerumani

Boma la kale la Biharamulo hutukumbusha kwamba Wajerumani walikuja kwetu wakiwa watawala. Leo vijana wetu hupokelewa majumbani mwao. Tangu mwaka 2013, mpango wa weltwärts wa Serikali ya Ujerumani huwawezesha vijana kutoka Tanzania na nchi nyingine kwenda huko kujitolea. Baadhi yao huishi na familia wenyeji.

Familia hiyo si mwajiri wala mfadhili wa ukoo. Kijana atakula mkate na jibini jioni, atakuta maduka yamefungwa Jumapili, na akichelewa ataulizwa sababu. Methali yetu yatosha kumwongoza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aoshe vyombo, aulize asichokielewa, na asiache kusali hata kama wenyeji hawasali.

Nanyi wazazi wa Ngara na Biharamulo, msimdai fedha. Posho yake ni ndogo, ya matumizi yake mwenyewe. Mtoto anayedaiwa kila wiki huona aibu, mwishowe huacha hata kupiga simu. Mwulizeni kwanza kama amelala salama na kama amepata Misa.

Kristo hupokelewa katika kila mgeni (Mt 25:35). Tuiombee nyumba iliyomfungulia mwanetu mlango.