Kifaa cha Kupimia Gari: Tujue Kabla ya Kununua

Taa ya injini iwakapo, familia nyingi hulipia spea zisizohitajika. Kifaa kidogo cha kusoma hitilafu chaweza kutuepusha na hasara hiyo, mradi tukichague kwa busara.

Kwanza, tutazame gari lenyewe. Chini ya dashibodi, karibu na usukani, huwa pana tundu la pini 16, ambalo Marekani ililazimisha kwa magari mapya tangu mwaka 1996. Hata hivyo, baadhi ya magari ya zamani yaliyoundwa kwa soko la Japani yana tundu hilo lakini hayasomwi na kila kifaa. Basi tukijaribu kwenye gari letu kabla ya kulipa.

Pili, vifaa vya bei nafuu aghalabu husoma injini tu. Anayetaka kupima breki za ABS na atafute kinachozisoma.

Tatu, namba ya hitilafu ni dalili tu. P0301 yatuambia silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Haitaji iwapo kosa ni la plagi, koili au mafuta. Kuifuta huzima taa, ugonjwa ukabaki. Tuiandike, kisha tumuulize fundi amepima nini kabla hajatutuma dukani.